Steshenwagoni nafuu ya kubebea vigae: hesabu kilo kwanza, buti baadaye

Swali: “Mimi ni fundi vigae, nafanya kazi na kijana mmoja wa kunisaidia. Mara mbili au tatu kwa wiki nakodi gari la kupeleka mzigo saiti: maboksi kumi ya vigae vya sentimita 60 kwa 60, mifuko minne ya gundi, mashine ya kukatia na vifaa vyangu vingine. Nimechoka kukodi. Nataka steshenwagoni iliyotumika, ya bei ya chini, ambayo siku za mapumziko itabeba familia. Pikapu sitaki, mvua inaharibu gundi na vifaa vinaibiwa. Kuna moja nimeipenda, buti lake ni kubwa kweli. Imelala kidogo nyuma, ila muuzaji anasema ataniwekea springi ngumu na itabeba hata nusu tani. Mtaalamu, ninunue hiyo au ipi? Na hizo springi zitasaidia?”

Fundi mwenzangu, hilo gari liache. Springi za muuzaji nitazirudia, kwa sababu hizo ndizo zinazoua magari mengi ya mizigo na kuhatarisha wanaoyaendesha. Kwanza tuuweke mzigo wako kwenye mizani.

Boksi moja la vigae vya porcelaini vya 60 kwa 60, vinne ndani, lina kilo 30 hivi. Maboksi kumi ni kilo 300. Mifuko minne ya gundi ya kilo 25 ni kilo 100. Mashine, ndoo, rula ndefu, nyundo na madumu tuyape kilo 40. Hapo umefika 440 na hakuna mtu aliyepanda. Ongeza wewe na kijana wako, tuseme kilo 145 nyie wawili. Jumla ni kilo 585.

Sasa pima nafasi ambayo mzigo huo unachukua. Boksi la vigae vinne lina unene wa sentimita 4 hivi. Zidisha 60 kwa 60 kwa 4, unapata lita 14 na ushee. Maboksi yote kumi hayafiki hata lita 150. Buti la steshenwagoni ya wastani, viti vya nyuma vikiwa vimesimama, lina lita 400 hadi 500 na zaidi. Maana yake ni kwamba utapakia vigae vyako vyote, utazame buti, na utaona nusu yake iko wazi. Jicho litakwambia ongeza. Gari litakuwa limeshazidiwa zamani.

Ndiyo maana buti kubwa lililokuvutia halijibu swali lako hata kidogo. Buti kubwa ni habari njema kwa anayebeba magodoro, maboksi matupu au viti vya plastiki. Vigae, saruji, betri, vitabu, rangi na maji vinajaza uwezo wa gari kabla ya kujaza nafasi yake. Wewe unanunua kilo.

Kilo hizo zimeandikwa kwenye gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo ya katikati, au fungua boneti, utakuta kibati au stika ya kiwanda. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya kina namba nne za uzito zilizopangwa kwenda chini. Ya kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kilichomo. Ya pili ni uzito huo ukijumlisha tela. Ya tatu ni uzito unaoruhusiwa kukalia ekseli ya mbele, na ya nne ni ule wa ekseli ya nyuma. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hayana namba hizi mlangoni, lakini hati zake za usajili wa kule huonyesha uzito wa gari tupu, uzito wa juu na, kwa yale yaliyosajiliwa kama ya mizigo, kilo zinazoruhusiwa kupakiwa.

Chukua uzito wa juu, toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho cha kugawana kati ya watu na mzigo. Angalia jambo moja: hati za Ulaya huwa zimeshamhesabu dereva wa kilo 75 ndani ya uzito wa gari tupu, na nyingine hazimhesabu. Kosa hilo dogo linakupa au kukunyima boksi mbili na nusu za vigae.

Tuseme gari tupu lina kilo 1,250 na uzito wa juu ni 1,720. Uwezo ni 470. Toa nyie wawili, 145, unabaki na 325. Toa vifaa vyako, 40, unabaki na 285. Weka gundi yote, kilo 100. Zimebaki kilo 185, yaani maboksi sita. Gari la namna hiyo, ambalo ni la kawaida kabisa na wengi wangeliita la kazi, linabeba zaidi kidogo ya nusu ya vigae vyako. Na hapo ni gari zima, lenye springi ambazo hazijachoka.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya. Steshenwagoni yangu ya kwanza niliipakia mabomba ya chuma na mifuko ya saruji, nikaona buti limebaki na nafasi, nikaongeza. Haikulalamika. Iliwaka, ikaondoka, ikapanda mlima. Njiani nilipita kwenye mizani ya magari makubwa, nikamwomba mhusika anipimie kwa kutaka tu kujua. Nilikuwa nimezidi kilo 260. Miezi michache baadaye nikabadilisha beringi zote mbili za nyuma, kisha shokapu, kisha nikakuta ufa kwenye sahani ya springi. Gari halikupiga kelele siku lilipozidiwa, lilikuja kudai baadaye, kidogo kidogo.

Kama kuna mizani ya umma karibu na unakofanyia kazi, itumie hata kabla ya kununua gari. Pima gari unalokodi sasa likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida. Utapata namba ya kweli badala ya makadirio yangu.

Turudi kwenye springi ngumu. Uwezo wa gari kubeba unatokana na vitu vingi vilivyopimwa pamoja: bodi, ekseli, beringi za magurudumu, matairi, breki, klachi au giaboksi, na mfumo wa kupoza injini. Springi ni kimoja tu kati ya hivyo. Ukiweka springi ngumu, nyuma ya gari itanyanyuka na macho yataridhika, lakini beringi ni ileile, breki ni zilezile, tairi ni lilelile, na namba kwenye kibati haijabadilika hata kilo moja. Kilichoondoka ni onyo. Zamani gari lilikuwa linakaa chini kukwambia basi, sasa limenyamaza.

Vile vipande vya mpira vinavyopachikwa katikati ya mizunguko ya springi ni vibaya zaidi. Vinazuia sehemu ya springi isifanye kazi, na mizunguko iliyobaki inabeba yote. Springi nyingi nimeziona zimekatika jirani kabisa na mpira huo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Steshenwagoni nyingi za zamani, hasa zenye ekseli nzima nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Nyuma ikishuka kwa mzigo, fimbo inasukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu valvu inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa ukinyanyua nyuma kwa springi ngumu bila kurekebisha fimbo, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na kilo 400. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu siku ile unayozihitaji zaidi. Ukikuta gari limenyanyuliwa nyuma, lala chini na tochi, itafute hiyo fimbo uone kama imekunjwa, imefungwa kwa waya, au haipo kabisa.

Springi mpya zenye vipimo vya kiwanda ni habari nyingine. Gari la miaka kumi na tano lililolala nyuma likifungwa springi mpya sahihi pamoja na shokapu mpya linarudi kwenye uwezo wake wa asili. Hiyo ni matengenezo na ninaiunga mkono kabisa. Ila gari ulilolipenda wewe limelala likiwa tupu, na mtu aliyelilaza hakulilaza springi peke yake. Ndiyo maana nikasema liache.

Sasa ipi ununue. Kwa mzigo wako mimi ningeanzia kwenye steshenwagoni zilizotengenezwa kama magari ya kazi, ndipo niziangalie zile za familia. Mfano unaojulikana zaidi ni Toyota Probox, iliyoingia sokoni 2002, na pacha wake Succeed. Toleo la mizigo kwa usajili wa Japani linaruhusiwa kilo 400 wakiwa ndani watu wawili, na kilo 250 wakikaa watu watano. Soma tena hapo: kilo 400 ni mzigo mtupu, watu wawili wameshahesabiwa pembeni. Ukipakia maboksi manane, mifuko yote minne ya gundi na vifaa vyako unapata kilo 380. Mzigo wako karibu wote umeingia ndani ya kibali cha kiwanda, bila springi za kubahatisha. Maboksi mawili yanayobaki yanafuata safari ya pili, au unanunua vigae kwa awamu.

Angalia lakini: hadi 2013 kulikuwa pia na Probox ya abiria, sura ileile, taa zilezile. Ukisimama mbele yake huwezi kuzitofautisha kirahisi. Ya mizigo ina kiti cha nyuma chembamba na kigumu, na matairi yake ni ya aina ya magari ya mizigo. Ya abiria ina kiti cha nyuma cha kukalika. Familia yako itapenda ya pili, mzigo wako unataka ya kwanza. Hapo itabidi uamue, na ushauri wangu ni kwamba gari linalokuingizia riziki siku tano za wiki ndilo lipewe kipaumbele. Nissan AD iko kwenye kundi hilohilo na inafaa kuangaliwa kwa macho yaleyale.

Injini ya lita 1.5 ya Probox, ile iitwayo 1NZ-FE, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na mafundi wengi wameshaishika. Hicho ni kitu kikubwa kwa mtu mwenye fedha kidogo. Gari la bei ya chini ambalo vipuri vyake ni vya kuagiza na kusubiri linakugharimu siku za kazi, na siku hizo hakuna anayekulipa.

Najua utaambiwa kuhusu magari ya zamani yaliyosifika kwa kubeba. Sifa hizo ni za kweli. Peugeot 504 ya steshenwagoni ilirefushwa kati ya magurudumu hadi mita 2.90, ikapewa ekseli nzima nyuma na springi nne badala ya mbili. Volvo 240, iliyotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na hiyo ina faida yake: mzigo unapokaa nyuma unayakandamiza magurudumu yanayosukuma, hivyo gari linashika barabara kwenye mlima wenye utelezi. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, likipakiwa nyuma, linapungukiwa uzito palepale linapouhitaji. Nayapenda sana magari hayo ya zamani, lakini ukiwa na kazi kesho asubuhi, usinunue moja mpaka uwe unamjua fundi wake na duka la vipuri vyake kwa jina. Kutu ndiyo inayoyamaliza, na kutu haiondolewi na sifa.

Kundi jingine la kuwa nalo makini ni steshenwagoni za kifahari zenye nyuma inayojinyanyua yenyewe. Mercedes ya W124 ya steshenwagoni ilikuja na mfumo huo wa mafuta kwenye ekseli ya nyuma, Citroën kama Xantia zinao gari zima, na Volvo kadhaa zilifungwa shokapu maalumu ziitwazo Nivomat. Ikiwa nzima, mifumo hii ni raha kuendesha na mzigo. Ikichoka, bei ya kuitengeneza inaweza kukaribia bei uliyonunulia gari. Na kuna mtego kwenye hizo Nivomat: springi zinazofungwa nazo ni laini kuliko za kawaida, kwa sababu shokapu yenyewe inasaidia kubeba. Mtu akitaka kubana matumizi anaweka shokapu za kawaida na kuacha springi zilezile, na gari linalala hata likiwa na watu watatu. Huenda hata hilo lako ndilo lililolipata, siwezi kujua bila kuliona.

Kuhusu gia, chukua za mkono ukiweza. Otomatiki ya kawaida inavumilia ikiwa oili yake ni safi na inapozwa vizuri. Ile ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia, sikushauri kwa kazi yako ikiwa imeshatembea sana. Mzigo mzito na milima vinaipasha joto, na haitoi dalili ya muda mrefu, siku moja inakataa tu. Dizeli ina nguvu nzuri kwenye mwendo mdogo, ila dizeli za kisasa zina chujio la moshi linalohitaji safari ndefu ili lijisafishe. Wewe unakwenda saiti na kurudi, safari fupifupi. Petroli rahisi isiyo na turbo inakutosha.

Sasa ukaguzi, na hapa ndipo nataka uchukue muda. Gari la mizigo linakaguliwa kuanzia nyuma.

Niliitwa mara moja kukagua steshenwagoni ya mteja, imeng'arishwa, viti vimeoshwa, injini inaunguruma vizuri. Buti lilikuwa na zulia jipya lililogundishwa kila kona. Nikauliza kwa nini limegundishwa, nikaambiwa ni ili lisiteleze. Nikaomba ruhusa, nikalibandua kona moja. Chini yake bati la sakafu, pale linapozunguka shimo la tairi la spea, lilikuwa na mawimbi kama mabati yaliyokanyagwa, na kwenye maungio kumepakwa lami kwa brashi. Nikaingia chini na tochi. Mipira ile minene inayozuia ekseli isigonge bodi ilikuwa imebaki vipande, na juu yake, kwenye chuma cha bodi, palikuwa na duara linalong'aa ambapo ekseli imekuwa ikigonga moja kwa moja, siku baada ya siku. Mteja wangu alikuwa ameshatoa fedha mfukoni. Alizirudisha.

Kwa hiyo nyanyua zulia la buti, toa tairi la spea, pitisha vidole kwenye maungio. Tafuta mawimbi, lami mbichi, kutu, na maji. Funga mlango wa nyuma taratibu uone kama pengo la kulia na la kushoto linalingana. Mlango unaogoma au unaohitaji kubamizwa unaweza kuwa unakwambia kwamba bodi imekaa upande.

Kisha chukua futi. Gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi juu yake, kulia na kushoto. Pande hizo zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, angalia springi ya upande ulioshuka. Mara nyingi mzunguko wa chini kabisa umekatika na kipande kimekaa palepale, huwezi kukiona bila kupapasa. Halafu waombe watu wawili wazima wakae ukingoni mwa buti. Pima tena. Waambie washuke kwa pamoja huku wewe unatazama. Nyuma inatakiwa inyanyuke mara moja na kutulia. Ikiendelea kunesa, shokapu zimekufa.

Pitisha kiganja kwenye matairi ya nyuma, upande wa ndani na wa nje. Yakiwa yameliwa ndani tu, bushi zimechoka au ekseli imepinda. Usikubali kuambiwa ni alaimenti. Magari mengi yenye ekseli rahisi nyuma hayana hata mahali pa kurekebisha alaimenti hiyo.

Ukiwa hapohapo, soma ubavu wa tairi. Baada ya ukubwa, kwa mfano 185/65 R15, kuna namba na herufi, labda 88H. Hiyo 88 ni kipimo cha uzito: kila tairi linabeba kilo 560 likiwa na upepo sahihi. 82 ni kilo 475, 84 ni 500, 91 ni 615. Zidisha kwa mbili, kisha linganisha na uzito wa ekseli ya nyuma kwenye kibati. Matairi mapana yenye ringi kubwa za kupendeza mara nyingi yana kipimo kidogo kuliko yale membamba marefu ya kiwandani. Muuzaji akikwambia ringi za michezo ni zawadi, mwombe za zamani. Na siku za kupakia, jaza upepo wa mzigo. Stika ya mlangoni huwa na vipimo viwili, cha gari jepesi na cha gari lililojaa, na watu wengi wanaendesha maisha yao yote na kile cha kwanza.

Mbele nitapita haraka kwa sababu fundi yeyote mzuri atakuonyesha: maji ya rejeta yakiwa baridi yasiwe na mafuta, kifuniko cha oili kisiwe na povu jeupe ndani, feni iwake yenyewe. Cha kufanya wewe mwenyewe ni jaribio la klachi. Ukiwa unatembea taratibu kwenye gia ya nne, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza, na kwa mzigo wako haitamaliza mwezi. Sikiliza pia mvumo wa nyuma unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Hizo ni beringi. Kuzibadilisha si tatizo, ila zinakusimulia gari lilikuwa linabeba nini.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake. Angalia ukingo wa chini wa buti, pale mzigo unapoburutwa kuingia. Rangi ikiwa imechunika hadi chuma na odometa inadai gari halijatembea, kimoja kati ya hivyo viwili kinasema uongo, na ukingo haujui kudanganya.

Siku ya kujaribu gari, mwombe muuzaji akuruhusu upakie maboksi yako matano au sita. Anayejua gari lake ni zima hatakataa. Endesha nusu saa, tafuta mlima, simama katikati na uondoke tena. Kisha, kwenye barabara tupu, funga breki kwa nguvu. Gari likienda moja kwa moja na kusimama, umepata unachokitafuta. Likivuta upande au pua ikizama sana, kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo inapunguzwa kwenye bei.

Ukishanunua, pahali unapoweka mzigo pana umuhimu sawa na gari ulilochagua. Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli na mzigo wa kilo 300. Ukiuweka nyuma kabisa ya buti, tuseme nusu mita nyuma ya ekseli, ekseli hiyo haibebi kilo 300, inabeba 360, kwa sababu mzigo unafanya kazi kama mtaimbo na kuinyanyua mbele kwa kilo 60. Usukani unakuwa mwepesi kama hauna kitu. Ukiusogeza mbele hadi sentimita 30 kabla ya ekseli, nyuma inabeba 264 tu na mbele inapata 36. Hujapunguza hata kigae kimoja, na ekseli ya nyuma imepumzishwa karibu kilo 100.

Kwa hiyo laza viti vya nyuma, weka ubao wa plaiwudi wa sentimita 2 juu yake ili uzito usambae, maana migongo ya viti hivyo ni bati jembamba. Simamisha maboksi kwa ubavu kama ulivyozoea, yakiwa yamebanana, mbele kadiri inavyowezekana. Gundi ikae kati ya maboksi na ekseli, mashine nyuma. Funga kwa mikanda yenye rachet kwenye pete za sakafuni. Kama gari halina pete, fungisha zenye bolti zinazopita hadi chini na washa pana upande wa pili. Ukifunga breki kwa dharura, kilo 300 za vigae zinataka kuendelea na safari, na mbele yake kuna migongo yenu wawili. Hili naomba ulifanye hata siku unayokwenda mtaa wa pili.

Juu ya keria usiweke vigae kabisa. Paa la steshenwagoni nyingi linaruhusiwa kilo 50 hadi 100, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Rula ndefu na ngazi zinatosha huko. Na ukiwa umejaza, punguza mwendo kuliko unavyodhani inahitajika. Nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza kwenye kilomita 80 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 40, kisha mzigo unaongezwa juu yake. Kama gari lina kitufe cha kushusha taa, zishushe, vinginevyo kila unayepishana naye usiku unampofusha.

Ukipata gari jingine, kabla hujatoa hata fedha ya kushikilia, niandikie mambo matatu: namba za kwenye kibati au hati, namba iliyo kwenye ubavu wa matairi ya nyuma, na vipimo vya futi kulia na kushoto, likiwa tupu na likiwa na watu wawili ukingoni mwa buti. Piga pia picha ya sakafu ya buti zulia likiwa limenyanyuliwa. Nitakujibu.